Siku Sinema Ilipolia Kama Mgodi

Ludmila Hudak hakuwahi kuipenda kazi mpya ya mumewe, ila alijifunza kuinyamazia. Ondrej alichimba makaa miaka ishirini na saba, na makaa nayo yakamchimba yeye. Daktari wa kampuni alimsikiliza mgongoni, akamwambia mapafu yake yamejaa vumbi, asishuke tena mgodini. Hakumwambia apande wapi.

Alikopata riziki ni Sinema ya Luna, kwenye barabara kuu ya Corlish, na kazi aliyopewa ni ya kupiga mbiu. Kila filamu mpya ilipoingia mjini, meneja, Bwana Purvis, alibuni kioja cha kuitangaza, na Ondrej ndiye aliyekuwa kioja chenyewe. Wiki moja alivalishwa ngozi ya sokwe, akafungwa mnyororo shingoni, akazungushwa mbele ya maduka huku watoto wakimrushia mipira ya theluji. Wiki nyingine alilazwa ndani ya jeneza mlangoni pa sinema, na kila mwanamke aliyeinama kuchungulia, Ondrej alimfumbulia jicho moja. Mwezi uliofuata alipiga magoti kutwa nzima akichora nyayo kubwa kwa chokaa, kutoka stesheni mpaka dirisha la tiketi, ili watu wadhani kuna dude limepita usiku.

"Ludmila!" jirani yake, Gwladys Probert, alizoea kuita kutoka upande wa pili wa ua. "Mzee leo ni nani?"

"Leo ni mfalme wa Misri."

"Basi mwambie mfalme aje aondoe majivu yake. Jana kayamwaga kwenye njia yangu."

Wakacheka. Nyumba zao zilikuwa mbili chini ya paa moja, kama zilivyo nyumba zote za kampuni, zikitenganishwa na ukuta wa mbao. Kwa miaka tisa Gwladys alijua siku gani Ludmila anakaanga vitunguu, na Ludmila alijua usiku gani Gwladys anamlilia marehemu mumewe. Waliazimana chumvi, sufuria na machozi. Mwaka ule binti wa Gwladys, Olwen, alikuwa na mimba ya kwanza, na Ludmila alimfumia mtoto soksi kama angemfumia mjukuu wake.

Kwa hiyo Ludmila aliyavumilia ya sokwe na ya jeneza. Kijana wake, Metod, alikuwa bado mgodini, na kwa jina la Metod kampuni iliwaachia nyumba. Ujira wa Ondrej ulileta nyama Jumapili na dawa ya kifua. Mwanamume aliyevaa ngozi ya sokwe ni mwanamume aliye juu ya ardhi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Bwana Purvis alikuwa mtu wa Filadelfia. Alikuwa na miaka miwili Corlish, na miaka yote miwili alivaa viatu vyeupe katika mji ambao hata theluji huanguka ikiwa na doa. Alikuwa na msemo wake: "Tangazo zuri ni lile linalompata mtu kabla hajajua kuwa ni tangazo." Watu waliupenda. Wakaurudia baa, wakaurudia kwa kinyozi.

Mwezi wa kumi ikaja filamu ya mlipuko wa mgodi.

*

Kila mwanamke wa Corlish alijua lugha ya king'ora cha mgodi kabla hajajua kusoma. Mlio mmoja mrefu jioni, kesho kuna kazi. Mirefu mitatu, hakuna kazi, punguza unga. Na ile mifupi isiyo na hesabu, inayopandana kama mbwa wanaobweka, maana yake chukua blanketi ukimbie. Blanketi, kwa sababu kampuni ilikuwa na machela lakini haikuwa na kitu cha kumfunika mtu. Wahenga walisema, likilia la mgambo lina jambo. Pale Corlish hawakuwa na methali hiyo, walikuwa na blanketi kwenye msumari nyuma ya mlango.

Ludmila alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipolisikia hilo jambo kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni na mama yake wakaliangalia gari jeusi la nyumbu wawili likipanda mtaa polepole. Kila mlango ulikuwa na mwanamke, na kila mwanamke aliomba lipite. Lilipita kwa jirani wa kwanza, likapita kwa wa pili. Baba yake walimlaza juu ya meza ya jikoni, kwenye unga uliokuwa umetandazwa kwa ajili ya mkate. Tangu siku hiyo Ludmila hakukanda unga bila kutega sikio.

Jumatatu ile ilikuwa siku ya kufua. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na mikono ya Ludmila ilikuwa ndani ya beseni mpaka viwikoni. King'ora kikaanza. Kifupi, kifupi, kifupi.

Hakukumbuka kufungua mlango. Alipopata fahamu alikuwa barabarani, blanketi begani, povu likimchuruzika mikononi, na kulia na kushoto kwake wanawake wenzake wakikimbia bila neno. Hakuna aliyelia. Kilio kina wakati wake. Gwladys alikuwa mbele, na mbele ya Gwladys alikuwa Olwen, mimba ya miezi saba, mkono mmoja tumboni, kwa maana mumewe naye alikuwa zamu ya asubuhi.

"Olwen, taratibu!" Ludmila alipiga kelele. "Taratibu, mwanangu!"

Nani wa kumsikia?

Langoni mwa mgodi mlinzi alitoka kibandani akiwa na kipande cha mkate mdomoni.

"Mnataka nini?"

"Ni lifti ipi? Ya mashariki au ya magharibi?" Gwladys aliuliza.

"Lifti gani? Hakuna kitu. Nani kawaambia kuna kitu?"

Hapo ndipo wakaogopa zaidi. Mwaka mmoja walipokufa wachimbaji kumi na wanne, mlinzi naye alisema hakuna kitu. Kampuni husema hakuna kitu mpaka ihesabu. Wanawake walisukuma lango. Mlinzi alisukuma upande wake. Olwen, aliyekuwa amebanwa mbele, aliteleza kwenye changarawe ya makaa akaanguka kifudifudi.

Na hapo, ndani ya ukungu, gari likaja.

Lilikuwa gari la sinema, lile lenye mabango ubavuni. Juu yake kilifungwa king'ora kikuukuu cha zimamoto chenye mpini wa kuzungusha. Aliyekizungusha alivaa kofia ya waokoaji na barakoa ya mpira yenye miwani mikubwa, kama ile wanayovaa kuingia kwenye gesi. Alizungusha, akaacha, akatupa karatasi. Zikawaangukia wanawake vichwani, mabegani, na juu ya mgongo wa Olwen. Ludmila aliokota moja.

MOYO WAKO UMESIMAMA? SUBIRI UONE ALHAMISI! SINEMA YA LUNA.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Walisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha mwanamke mmoja akacheka, kicheko kibaya, akaketi chini palepale kwenye matope, blanketi mapajani.

"Ni sinema," alisema. "Jamani, ni sinema."

"Mawe!" Gwladys alipiga kelele. "Nipeni jiwe!"

Dereva alikanyaga mafuta. Gari lilipogeuka, mwenye barakoa aliyumba, akajishika kwenye mabango, akakohoa. Mara tatu fupi, halafu mvuto mmoja mrefu, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Ludmila alilala kando ya kikohozi hicho kila usiku.

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya aproni. Kisha akapiga magoti pamoja na Gwladys kumgeuza Olwen, na wote wawili wakaiona damu.

*

Ondrej alirudi saa tisa mchana. Alivua kofia, akanawa mikono, akakaa.

"Umetoka wapi?" Ludmila aliuliza.

"Kazini."

"Kazi gani?"

Ondrej aliinama kufungua kamba za kiatu.

"Kohoa," alisema Ludmila.

"Nini?"

"Kohoa nisikie. Nataka kujua kama ni kile kikohozi changu, au mjini kuna mwingine."

Ondrej alitazama mikono yake. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua, nguo zikamning'inia kama za kaka yake.

"Aliniuliza tu, Ludmila. Aliniketisha ofisini kwake, akanimiminia kahawa, akaniuliza king'ora cha ajali kinaliaje. Miaka miwili yule bwana hajawahi kuniuliza kitu. Nikamweleza. Nikamwigizia kwa mdomo."

"Ukamwigizia."

"Nilidhani ni mazungumzo."

"Na alipokupa mpini uzungushe, bado yalikuwa mazungumzo?"

"Alisema mkuu wa mgodi kaarifiwa. Alisema padri ametangaza kanisani."

"Jumapili ulikuwa kanisani. Ulikaa ubavuni kwangu, ukasinzia kwenye mahubiri. Padri alitangaza?"

Ondrej alihamia kiatu cha pili.

"Ondrej. Padri alitangaza?"

"Hakutangaza."

Ludmila alichukua sahani iliyokuwa mezani akairudisha kabatini kwa kishindo, ingawa ilikuwa chafu.

"Mzunguko wa kwanza tu nilijua," Ondrej alisema polepole. "Sauti ilipotoka nilijua. Mkono ukaendelea. Sijui kwa nini mkono uliendelea."

"Mimi najua. Umezoea kuvalishwa. Wamekuvalisha sokwe ukawa sokwe, wamekulaza kwenye jeneza ukawa maiti. Sasa wamekuvalisha uuaji. Olwen anavuja damu hapo nyuma ya ukuta, sikiliza!"

Wakasikiliza wote wawili. Mkunga alikuwa akitembea upande wa pili, na Gwladys akimwambia bintiye vuta pumzi, vuta pumzi.

Mtoto alizaliwa kabla ya taa kuwashwa. Msichana, mdogo kama njiwa. Mkunga alimfunga kwa pamba, akamweka ndani ya boksi la viatu, na boksi akaliweka juu ya mlango wa oveni uliofunguliwa, moto ukiwa wa wastani. "Moto usipande, usishuke," alisema. "Akiiona Jumapili, ataishi." Ludmila alipeleka supu. Alimwangalia yule mtoto, akamwangalia Gwladys, akaiweka supu mezani.

"Nikimpata yule mbwa wa barakoa," Gwladys alisema bila kuinua macho kutoka kwenye boksi.

"Ndiyo," alisema Ludmila.

Aliliosha bakuli la supu, akarudi kwake.

Metod naye alileta maneno ya mgodini. "Wanaume wanasema wakimjua watamtupa kwenye bwawa la tope la makaa," alisema akila. "Mimi nitashika miguu. Baba, wewe si unafanya kazi pale? Ni nani?"

Ondrej alikoroga supu. Metod alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, kijiko kikabaki hewani. Hakuuliza tena. Hakumaliza kula.

Ludmila aliipima hali ilivyo. Akisema, kazi ya Ondrej imekwisha, watu watampiga, na mlango wa Gwladys utafungwa maisha. Asiposema, ataingia mlango huohuo kila siku na supu mkononi na uongo mdomoni, na Gwladys atamshukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo lililomtia uchungu kuliko yote.

*

Jumanne alivaa kofia ya kanisani akaenda Luna.

Bwana Purvis alimpokea kwa mikono miwili. Mezani palikuwa na gazeti la mjini, limefunguliwa penye habari yenyewe.

"Mama Hudak! Mume wako ni hazina. Ukurasa wa pili, unaona? Watu watatoka miji mitano. Miji mitano, mama!"

"Kuna msichana ameanguka. Amejifungua mtoto wa miezi saba."

Uso wa Purvis ulibadilika, Ludmila aliona, na kwa sekunde moja alidhani amekutana na mtu.

"Masikini," alisema. "Yuko hai?"

"Bado."

"Basi tumshukuru Mungu. Nani amekufa, mama? Hakuna. Mimi nililiza king'ora, hakufa mtu. Kampuni ikiliza king'ora, mnazika. Sasa mbaya ni nani kati yetu?"

Ludmila alisoma madarasa manne tu, na maneno ya namna ile humpita mtu kama treni isiyosimama. Alichojua ni kwamba pameibwa kitu.

"King'ora kile ni chetu," alisema hatimaye. "Si chako, si cha kampuni. Ni cha sisi tunaokimbia. Siku kikilia cha kweli, mwanamke mmoja atasema, aa, ni sinema hiyo, na ataendelea kufua. Mumewe atatoka shimoni asikute mtu."

Purvis alikuna kidevu. "Hilo," alisema, "ni jambo zuri sana. Naweza kulitumia?"

Akamsukumia tiketi mbili mezani. Ludmila aliziacha palepale. Alipofika mtaani aligundua kwamba meno yalikuwa yakimuuma kwa kuyabana.

Jumatano, mchana kweupe, gari la sinema lilisimama mbele ya nyumba zao. Ludmila, kama kawaida yake, alikuwa dirishani kabla injini haijazimwa. Alishuka kijana wa duka la maua na shada kubwa, na nyuma yake mpiga picha wa gazeti na kamera yake ya miguu mitatu.

"Bibi Probert?" aliita mpiga picha. "Tungependa mama mzazi na mtoto, pamoja na maua. Kama mtoto anaweza kusogezwa dirishani penye mwanga..."

Kadi ilining'inia kwenye shada. Gwladys aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa lafudhi yake ya Kiwelshi: "Kutoka Sinema ya Luna. Filamu inayotikisa mioyo ya akina mama."

Alirudi ndani. Mpiga picha akadhani ameenda kumleta mtoto, akaanza kupanga kamera. Gwladys alitoka na ndoo ya majivu, akaimwaga yote juu ya maua, juu ya kamera, juu ya kofia ya mpiga picha.

"Piga sasa!" alimwambia. "Piga, baba, mwanga ni mzuri!"

Walikimbia. Gwladys alibaki amesimama barazani, ndoo mkononi. Ludmila hakuweza tena. Alitoka kwake, akavuka hatua zile nne za baraza ambazo alikuwa amezivuka mara elfu.

"Gwladys. Mwenye barakoa alikuwa Ondrej."

Gwladys alitua ndoo chini.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Miaka tisa nalala kwenye ukuta huu, Ludmila. Kikohozi cha mumeo nakijua kuliko wimbo wa kanisani. Nilikijua palepale langoni, jiwe likiwa mkononi. Ndiyo maana sikurusha." Macho yake yalikuwa makavu. "Nilikuwa nakungoja wewe. Jumatatu ukaja na supu, nikasema atasema sasa. Jumanne ukaja na mkate. Nikasema labda leo. Ulijua kuwa kila nikikwambia asante nilikuwa nakutukana?"

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Usinikimbize." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Wewe kuja mlangoni kwangu haitoshi. Alitupigia kelele hadharani, basi hadharani aseme kwa mdomo wake ni yeye, na aseme nani alimtuma. Kesho, penye foleni yao. Asiposema yeye, nitasema mimi, na mimi sitachagua maneno."

*

Alhamisi jioni foleni ya Luna ilifika mpaka kwa kinyozi. Kweli walikuja watu wa miji mitano, wamevaa makoti mazuri, wakila karanga. Wa Corlish walikuwepo pia, si haba. Taa za mlangoni zilikuwa zimepambwa kwa kofia za wachimbaji.

Ondrej alipanda juu ya kasha analosimamia siku zote, pembe ya kupazia sauti mkononi, barakoa imening'inia shingoni. Ludmila alimsimamia mkono wa kulia, si kwa upendo. Alimsimamia kama askari anavyomsimamia mfungwa. Gwladys alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono imefungwa kifuani.

"Mimi ni Ondrej Hudak," alianza. Pembe ikaikuza sauti yake mbovu. "Nilichimba hapa miaka ishirini na saba. Jumatatu nilizungusha king'ora. Ni mimi. Wake zenu na mama zenu walikimbia kwa sababu yangu. Bwana Purvis aliniuliza mlio wa ajali, nikamfundisha. Aliniambia zungusha, nikazungusha. Binti wa jirani yangu alianguka. Nimekuja kusema ni mimi, na ni yeye."

Mtu mmoja, katikati ya foleni, akapiga makofi.

Wakafuata wengine. Wakapiga makofi foleni nzima ya wageni, wakapiga na miluzi. Mama mmoja mwenye manyoya shingoni alimwambia mumewe, "Anajua kuigiza huyu! Umeona anavyotetemeka?"

Bwana Purvis alikuwa ameshatoka. Hakukunja uso. Alimkumbatia Ondrej mabegani, akaichukua pembe.

"Mabibi na mabwana! Na hapo mpo nje tu! Ndani je?"

Wakacheka, wakasogea kuelekea dirisha la tiketi.

"Si mchezo!" Ludmila alipiga kelele. "Huyu ni mume wangu! Si mchezo, sikieni!"

"Na mke naye kafundishwa vizuri!" mtu alijibu, na kicheko kikapanda.

Ludmila alikuwa amekasirika mara nyingi maishani, ila siku hiyo alijua kwamba hasira nyingine zote zilikuwa za mazoezi. Mtu wa karibu akiongopa, unaweza kumwita mwongo. Lakini ufanye nini na mahali ambapo ukweli wenyewe, ukishafika mlangoni, unauziwa tiketi? Aliikamata barakoa shingoni mwa Ondrej, akaivuta mpaka kamba ikakatika.

Kuvutwa kule kulikiamsha kifua. Ondrej alikohoa, mara tatu, ukaja ule mvuto, lakini safari hii haukuishia hapo. Aliinama, akashika magoti, akakohoa mpaka mishipa ikamsimama shingoni, Purvis bado akimpigapiga mgongo na kutabasamu kwa foleni. Kisha Ondrej akatema kitu kizito. Kikatua kwenye kiatu cheupe cha Purvis, na hata kwa mwanga wa taa kila mtu aliiona rangi yake. Kilikuwa cheusi kama wino.

Watu wa Filadelfia wangeweza kudhani ni rangi ya maigizo. Lakini miji mitano ile yote ilikuwa ya makaa. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuwa na baba, au mjomba, au kaka aliyetema hivyo kwenye kopo kando ya kitanda. Makofi yalikatika moja moja, kama mvua inayoacha.

"Twende nyumbani," mwanamke mwenye manyoya alimwambia mumewe.

"Lakini tiketi..."

"Twende nyumbani, Casimir."

Foleni ikaanza kufumuka kutoka katikati. Si wote walioondoka. Wapo walioingia, watu ni watu, na siku iliyofuata waliisifia filamu. Wanaume watatu wa Corlish walimkaribia Ondrej, na Ludmila akajiweka kati, lakini mmoja alimtazama tu, akatema mate pembeni, akasema, "Usipite mtaa wetu, Hudak." Wakaenda zao.

Purvis alikuwa akisugua kiatu kwa leso. "Umefukuzwa," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na tangazo ndani yake.

"Najua, bwana," alisema Ondrej.

Walirudi nyumbani, wanawake wawili mbele, Ondrej nyuma, akisimama kila baada ya nguzo kupumua. Ludmila hakumngoja. Alikuwa akipiga hesabu ya kiwanda cha mashati kule bondeni, kwamba wanachukua wanawake kwa cherehani, kwamba macho yake bado yanaona tundu la sindano.

Barazani Gwladys alifungua mlango wake, akaushikilia.

"Olwen hajalala tangu jana," alisema. "Leo zamu ya oveni ni yako."

Ondrej alipanda ngazi ya kwanza.

"Yeye hapana," Gwladys alisema.

"Mpaka lini?" Ludmila aliuliza.

"Usiniulize. Sijui."

Ludmila alimgeukia mumewe. "Kuna viazi kwenye sufuria," alimwambia. Hakugeuka tena kumwona akiufungua mlango wao peke yake.

Aliingia kwa Gwladys, akavua kofia, akavuta kiti mpaka karibu na jiko. Ndani ya boksi mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka haraka haraka. Jumapili ilikuwa bado siku tatu. Moto ulikuwa umeanza kushuka. Ludmila, hasira ingali kifuani, alichukua koleo, akaongeza makaa, moja moja, kwa kuyalaza, yasitoe sauti.